Masale ya Nyuma ya Babu

Moshi,
18 Februari 2001

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ukiacha macho yanayowasha na kidole cha kubonyezea kipanya ambacho kinaelekea kuota sugu. Mama anakusalimu, mtori wake wa ndizi pale sokoni bado unagombaniwa. Shangazi Kornelia huko Kilema kifua kimemrudia, lakini ukimwambia apumzike anakujibu kwamba ng'ombe wake hajui habari za kupumzika. Mvua bado hatujaiona. Vumbi la Majengo tunalila na chai.

Sasa nikupe habari za chuo ulichonitafutia. Nisikufiche, wiki ya kwanza nilitaka kukimbia. Tuko ghorofani juu ya duka la vipuri, kompyuta chache na sisi wengi, kwa hiyo mimi na Eunike tunagawana kiti kimoja, kila mtu na nusu yake. Fotoshop tunayofundishiwa ni ya zamani. Inakuruhusu kurudi nyuma hatua moja tu. Ukikosea na ukaendelea na jambo jingine, kosa limeshakuwa mali yako. Eunike alimkata bibi harusi wa watu sikio, akawa anashughulika na shela, kuja kushtuka sikio halirudi tena. Ikabidi amwekee ua kubwa upande huo, na mwenyewe alipokuja kuchukua picha alilisifia sana.

Kazi yenyewe inapangwa kwa matabaka, kama mtu anavyopanga ndizi na majani ndani ya pipa la kuivishia. Lazima ujue mkono wako uko tabaka gani. Mimi nilipaka rangi kwenye tabaka la uso nikidhani niko kwenye la ukuta, nikapata padri wa kijani. Umeme nao ukikatika kabla hujahifadhi, unaanza upya huku mwalimu wetu, Bwana Leodegar, anagonga meza na rula na kusema, "Nilisemaje? Nilisemaje mimi?"

Wavulana wa darasani wanasema sisi wasichana tutaishia kupiga chapa barua za maofisini. Nimewaambia wakipita Kariakoo mwakani wakaona kadi nzuri kuliko walizowahi kuziona, wageuze nyuma wasome jina. Kwa hiyo ile meza uliyoniahidi kwenye duka lako la uchapaji, Baba Mdogo, asikae mtu. Nimeshaitangaza.

Wako mtiifu, kwa leo,
Dafroza


Dar es Salaam,
9 Machi 2001

Mwanangu Dafroza,

Marahaba. Barua yako nimeisoma dukani mbele ya vijana wangu wa kazi, na ule ukurasa wa padri wa kijani wameusoma mara mbili. Sisi huku hatujambo. Mama yako mdogo ana malaria kidogo, watoto wanakua na wananimaliza kwa viatu. Joto la Dar unalijua, halina adabu. Mwambie mama yako namkumbuka, na dada Kornelia aende hospitali badala ya kunywa mizizi.

Meza ipo. Nimeiweka karibu na dirisha kabisa. Lakini nataka nione mkono wako kwanza, ndiyo maana nimekutumia kifurushi hiki kwa dereva wa basi ambaye ni mtu wangu. Ndani kuna picha ya Baba, babu yako, ile ya Krismasi yake ya mwisho. Ni hiyo hiyo moja, negativu ilishapotea siku nyingi, kwa hiyo ishike kama yai. Mwezi wa saba anatimiza miaka kumi kaburini na tutamfanyia Misa pale nyumbani, ukoo wote. Nataka picha kubwa ya fremu, ya kuweka mbele ya watu.

Ondoa mikwaruzo. Halafu yale majani ya nyuma yake yote uyatoe, pamoja na kile kibanda cha ng'ombe. Yanaharibu. Mtu mzima kama yule anatakiwa asimame mahali peupe, nyuma yake nyasi na migomba michache, basi. Ukimaliza nirudishie picha yangu. Huo ndio mtihani wako, na mwenye kusahihisha ni mimi.

Baba yako mdogo,
Basili


Moshi,
1 Aprili 2001

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa kuuguza. Huku mvua imeanza kwa hasira, barabara ya Kilema inateleza hadi magari yanasukumwa. Habari isiyo nzuri ni kwamba Shangazi amelazwa hapa mjini tangu Jumatano. Kumbe kifua kilikuwa nimonia. Anaendelea vizuri, ameshaanza kugombana na wauguzi kuhusu uji wao, nasi tunampelekea wa nyumbani. Ng'ombe wake analishwa na jirani, Mzee Ndelilio.

Picha ya Babu imefika salama. Bwana Leodegar aliniruhusu kuiskani mwenyewe, na nilipoiona ikitokea kwenye kioo mstari kwa mstari, kofia kwanza, halafu paji la uso, nilisahau kwamba Eunike yuko kwenye nusu yake ya kiti. Mikwaruzo nimeishughulikia kwa ile zana wanayoiita mhuri. Unachota kipande kizima cha picha, unagonga juu ya penye ubovu. Ufa uliopita kwenye shavu nimeuziba kwa ngozi ya shavu lake lenyewe. Doa la kahawa kwenye koti limetoka. Bwana Leodegar alitazama akaondoka bila kugonga meza, na kwake hiyo ndiyo sifa.

Sasa kuhusu nyuma. Ukiikuza picha sana inakuwa vigae vigae, ukirudi kidogo vigae vinakuwa kitu. Nikarudi kidogo. Hayo majani, Baba Mdogo, ni masale. Yamesimama kwa mstari kutoka begani kwa Babu hadi kwenye kibanda cha Shangazi. Ni yale yale aliyoyapanda mwaka Shangazi aliporudi kutoka kwa mume wake Himo na mtoto mgongoni, alipomkatia kile kipande cha chini cha shamba lake la kihamba, kinachogusa barabara, akasema hapa ni pa Kornelia mpaka afe. Wewe ulikuwa umeshahamia Dar. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka minane, nilibeba maji ya kumwagilia.

Sijui kama uliliona hilo ulipoandika, picha ni ndogo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba sale likishasimama mpakani halichezewi, hata kwenye karatasi mkono unasita. Nimeweka kipanya juu yake nikakitoa. Naomba niyaache. Nitayapunguzia mwanga kidogo ili uso wa Babu ujitokeze, na fremu itapendeza tu. Nakusubiri.

Dafroza


Dar es Salaam,
29 Aprili 2001

Dafroza,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na mizigo bandarini. Nimefurahi dada Kornelia anaendelea vizuri. Mwambie asikimbilie kurudi mlimani kwenye baridi, akae hapo kwa mama yako hata miezi miwili.

Hayo unayosema sijui masale, mimi naona majani. Kila boma la Mchaga lina majani. Mtoto wa miaka minane anakumbuka mengi, mengine aliyaota. Nilikupa kazi ya kutoa majani, sikukupa kazi ya kuniambia yanaitwaje. Huku dukani mteja akisema ondoa, tunaondoa.

Fanya kama nilivyokuelekeza. Picha yangu mpe dereva yule yule Jumamosi hii. Na uniambie kama kuna nakala yoyote uliyobaki nayo kwenye hizo kompyuta, maana sipendi sura ya baba yangu izagae.

Basili


Moshi,
20 Mei 2001

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama mzima. Picha yako nilimkabidhi dereva siku uliyosema, imefungwa kwenye kadibodi, na mkunjo hata mmoja usingeuona. Natumaini umeshaipata.

Salamu zimeisha, kwa hiyo niseme lililonileta.

Juzi ndipo Shangazi aliporuhusiwa, maana kifua kilimrudia akiwa wodini. Alikataa kukaa mjini, nikampandisha Kilema kwa pikapu ya watu wa mbolea. Tulishuka barabarani, chini kwa kwake, akasimama akashika mgongo akatazama. Masale hayapo. Hayakukatwa, yameng'olewa na mizizi yake, mashimo yamefukiwa, na juu yake yamepandwa maharage ambayo yameshatoa majani. Kibanda kimebaki, nadhani kwa sababu ng'ombe alikuwa ndani na Mzee Ndelilio alikuwa anakuja kumlisha. Yeye ndiye aliyewaona vijana wakiteremka kwenye lori wiki ya pili baada ya Shangazi kulazwa. Aliwauliza wametumwa na nani. Wakamwambia ni mwenye shamba, yuko Dar.

Shangazi hakulia. Aliingia kwa ng'ombe, akamshika masikio, akaniambia, "Dafroza, mimi ni mtu mzima, nilidhani nimeshafukuzwa mara ya mwisho." Halafu akaomba nimchemshie maji. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira.

Nakuuliza wazi wazi, Baba Mdogo, maana kuzungukazunguka kumenichosha. Ulitaka mimi niyang'oe masale kwenye picha, halafu wewe ukayang'oa shambani? Ili mwezi wa saba wazee wakiuliza mpaka uko wapi, uwaonyeshe Babu amesimama peupe, useme tazameni, hapakuwahi kuwa na kitu? Wale waliokuwepo siku ya kupanda wengi wamekufa. Amebaki Shangazi, mtoto aliyebeba maji, na ile picha.

Kama nimekusingizia, niandikie unitukane na nitakuomba radhi kwa magoti. Kama sijakusingizia, basi sikiliza. Mimi hiyo kazi siifanyi. Siifanyi leo na sitaifanya mwakani nikiwa kwenye meza ya dirishani. Nimejifunza kufuta doa, na Shangazi yangu si doa.

Dafroza


Dar es Salaam,
10 Juni 2001

Dafroza,

Marahaba, ingawa sijui kama ulinisalimu au ulinipiga.

Nimekulea tangu kaka alipofariki. Sikukuandikia neno baya hata siku moja. Leo umejua kushika kipanya, umeota pembe. Nani amekuambia mambo ya kihamba ni yako wewe? Mimi ni kitinda mimba wa Baba, nyumba yake na kihamba chake ni changu, hiyo ni mila na haikuanza na mimi. Mtoto wa kike anaolewa, anakwenda kwa mume. Akirudi tunampa mahali pa kulala, hatumpi barabara. Baba alikuwa mzee, alimhurumia, huruma si hati.

Wewe unaona masale, mimi naona nchi inavyokwenda. Kahawa imekufa, wenye akili wanaing'oa. Wazungu wanapita pale chini kila asubuhi kwenda kupanda mlima, na hakuna hata choo cha kuwasimamisha. Nikijenga nyumba ya wageni pale barabarani, watakula watu wangapi wa Kilema? Kornelia mwenyewe ningempa kazi jikoni. Lakini wewe umekazana na majani.

Meza uliyokuwa umeitangaza nimempa kijana mwingine. Kazi uliyoipigia kelele miezi mitatu aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, na imetoka safi kuliko unavyofikiri. Bwana Leodegar naye nimemwandikia kwamba mimi si mdhamini wako tena. Na nilikuuliza kama umebaki na nakala, hukunijibu.

Tutaonana kwenye Misa. Utakaa na wanawake, utakula, utanyamaza.

Basili


Moshi,
30 Juni 2001

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakusalimu kwa sababu Mama amesimama nyuma yangu. Anasema nikuandikie kwa heshima, nami nimemwambia heshima ninayo, ninachokosa ni uoga. Baridi imeshuka, mlima umevaa theluji hadi chini, watu wanaota moto mchana.

Barua yako Bwana Leodegar ameipata. Aliniita, nikajua nimekwisha. Akaisoma kwa sauti yote, akaniuliza, "Ni kweli umekataa kufuta?" Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama nilikataa kwa kuwa sijui au kwa kuwa sitaki. Nikamwambia akae nyuma yangu atazame. Nikaichukua picha ya duka lake mwenyewe la kadi, nikamwondolea nguzo ya umeme iliyosimama mbele ya mlango, waya zake na kivuli chake, huku yeye anavuta kiti karibu. Halafu nikafunga bila kuhifadhi. Tangu siku hiyo asubuhi nasoma na jioni namtengenezea kadi za harusi badala ya ada, na nina kiti kizima. Eunike ananionea wivu.

Kuhusu mila, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hiyo mila unayoisoma kwa herufi kubwa ndiyo hiyo hiyo inayosema sale halisogezwi, wewe umesoma upande mmoja ukafunga kitabu. Na ukitaka nyumba ya wageni, kwa nini hukumwendea Shangazi kwa mlango ukamwomba? Pengine angekukubalia. Ulisubiri alazwe. Mtu mwenye haki yake hasubiri mgonjwa alazwe, Baba Mdogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko meza, kuliko udhamini, kuliko kunyamazishwa.

Umeniuliza mara mbili kama nina nakala. Nitakujibu siku ya Misa, mbele ya watu. Wewe lete ya kijana wako.

Dafroza


Dar es Salaam,
26 Agosti 2001

Mwanangu Dafroza,

Nimekaa mwezi mzima nikiiandika barua hii na kuichana. Watoto wazima. Mama yako mdogo haongei na mimi, anasema ningemwambia mapema angenizuia.

Umenivua nguo mbele ya ukoo. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshasema maneno yangu kwa utulivu, fremu iko mezani pembeni ya pombe ya mbege, wazee wanatikisa kichwa. Wewe ukatoka kule jikoni na picha yako umeikumbatia kifuani, ukaiweka ubavuni mwa yangu bila hata kuomba ruhusa. Bado ningeweza kulimaliza. Mwenyekiti wa ukoo alishasema zote mbili ni za kompyuta, ya asili nimeiacha Dar, nani ajue ipi ni ya kweli. Hapo ungekaa. Lakini hukukaa, ukaanza kuwachekesha wanawake, na mtu akishachekwa na wanawake wa Kilema, kesi yake imekwisha.

Sasa wazee wameamua nipande masale upya kwa mkono wangu mwenyewe, Desemba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani. Mimi, mtu mwenye duka Kariakoo, nichimbe mashimo mbele ya watoto wa wenzangu. Dafroza, mimi nimekubali kipande kibaki kwa Kornelia. Kimebaki. Lakini hilo la kupanda mbele ya watu linaniua.

Wewe wazee wanakusikiliza siku hizi. Waandikie kwamba kompyuta hukosea, kwamba pengine hata ile yako kuna mahali iliongeza. Lilegee kidogo tu, liishe kimyakimya. Masale nitatuma mtu ayapande. Meza ya dirishani iko wazi, yule kijana nimemwondoa.

Ndani ya barua hii nimekuwekea jani la sale, nimelifunga fundo kama inavyotakiwa. Wewe ni Mchaga, unajua jani hili likiletwa maana yake ni samahani, na unajua halikataliwi, hata kama mwenye kulileta ameua. Sijawahi kumpelekea mtu jani hili maishani mwangu, na sasa nakupelekea wewe niliyekubeba mgongoni.

Baba yako mdogo,
Basili


Moshi,
16 Septemba 2001

Baba Mdogo,

Shikamoo. Leo naandika bila Mama kusimama nyuma. Ni mzima, amesikia sauti yako kwenye barua akasema maskini Basili, halafu akaendelea kumenya ndizi. Kahawa ya kwetu iliyobaki imeanza kuiva. Shangazi anachuma mwenyewe, kifua kimetulia.

Jani lako limefika. Nililiweka juu ya meza nikalizunguka kama mtu anayezunguka nyoka. Nimesoma barua yako nikakumbuka ulivyonibeba siku ya mazishi ya Baba, na sitaki ufikiri nimesahau. Nakupenda, na hilo sikulifuta mahali popote.

Lakini unasema niliwachekesha wanawake. Mimi sikumchekesha mtu. Mwenyekiti alipouliza nani ajue ipi ni ya kweli, niliwaomba waitazame yako kwa makini kuliko yangu, basi. Kijana wako alitakiwa aweke migomba pale masale yalipokuwa. Akachota mkungu mmoja kwa mhuri, akaugonga hapa, akaugonga pale, akaugonga na kule nyuma, kwa haraka ya chakula cha mchana. Mkungu ule ulikuwa na ndizi moja iliyodonolewa na ndege. Niliweka kidole nikasema, tazameni ndege huyu, amekula ndizi ile ile, upande ule ule, kwenye migomba mitatu. Sikuongeza neno. Shangazi zangu wamekata mikungu tangu wanajua kushika panga, ulitaka wasicheke? Kijana wako amezoea ndizi za kwenye mkokoteni, anadhani zote zinafanana.

Walicheka kupita kiasi, nakubali. Niliona uso wako. Shangazi naye aliuona, ndiyo maana aliinuka akakujazia kata yako ya mbege. Hakuna aliyemtuma.

Sasa nijibu uliloniomba. Kuwaandikia wazee kwamba kompyuta hukosea, siandiki. Kompyuta haikukosea, ilifanya ilichoambiwa na mtu. Nikisema leo kwamba picha yangu pengine iliongeza kitu, kesho hakuna picha ya mtu yeyote Kilema itakayoaminika ikipita mkononi mwangu, na mkono huu ndio kihamba changu mimi, maana kingine sikukatiwa. Na kutuma mtu akupandie masale, hapana. Ulituma watu kuyang'oa.

Meza ya dirishani nashukuru. Mpe mwingine. Mimi na Eunike tumepata kichumba nyuma ya duka la Bwana Leodegar, kompyuta ni moja ya chuo iliyokuwa haiwaki, tumeitengeneza inawaka. Wateja wa kwanza walitoka kwenye Misa ile ile, wamejaza kabati letu picha za marehemu wao, na kila mmoja anasema usiondoe kitu, mwanangu, ziba tu ufa.

Limebaki jambo la jani. Sikulikataa, Baba Mdogo, Mungu anaona. Lakini mimi hukuning'olea kitu. Siwezi kupokea samahani ya mtu mwingine nikaila peke yangu, halafu Shangazi abaki anasikia tu kwamba yameisha. Kwa hiyo nimelirudisha humu ndani, na fundo lake sijaligusa. Limeanza kukauka kwenye ncha, pengine itabidi ukate jingine.

Mpelekee mwenyewe, usingoje Desemba. Akilipokea yeye nitakuwa nimelipokea na mimi, na hapo hata hayo mashimo nitakusaidia kuchimba mbele ya watoto wa wenzako. Asubuhi anakuwepo, akishamkatia ng'ombe majani haendi mbali. Ila ukifika usikatize kwa juu kupitia kwa Babu kama ulivyozoea. Pita chini, kwenye mlango wake wa barabarani, ubishe hodi, usubiri akukaribishe.

Mwanao,
Dafroza